Karatasi ya Kichwa Kilichopoa

Jumatatu, tarehe 4 Juni 1984

Nimekasirika. Naliandika hilo kwanza, mengine yatafuata.

Dereva wa kamio la kubeba ng'ombe ameniletea barua kutoka Boga, kwa baba mkwe wangu. Ameileta ghalani, mbele ya makarani wenzangu, na barua yenyewe haikufungwa! Kila mtu ameisoma kabla yangu. Mke wangu Félicité yuko kwa baba yake wiki ya tatu sasa, pamoja na binti yetu Brigitte. Baba mkwe anasema hatawarudisha mpaka nilete karatasi ya Mama Hortense, muuguzi wa dispensari ya mtaa wetu wa Mbunya, hapa Bunia, inayosema kwamba kichwa changu kimepoa.

Kichwa changu! Kichwa hiki kinahesabu magunia mia tatu ya kahawa kwa siku bila kukosea hata moja!

Na kosa langu ni lipi? Nilipiga kabati teke. Teke moja tu. Mlango ukang'oka. Mtu aliyejifunza karate Kisangani miezi saba akarudi na mkanda wa kijani, lazima afanye mazoezi. Asipige kabati, apige nini? Jirani?

Nimeitupa barua. Nimeiokota. Nimeitupa tena. Nimeiokota kwa sababu nyuma yake Brigitte amechora kuku.

Mpango: kesho navaa suti yangu ya abakosti, ile ya kijivu, namsalimia muuguzi kwa heshima, natoka na karatasi kabla ya saa sita. Jambo dogo.

Jumanne, tarehe 5 Juni

Sikupata karatasi. Hasira!

Foleni ya dispensari ilifika barabarani. Wajawazito, wenye malaria, na mtu mmoja aliyepigwa pembe na mbuzi. Nilipita mbele nikieleza kwamba mimi si mgonjwa, nina shida ya karatasi tu. Walinirudisha nyuma kwa makelele. Mtu wa mbuzi alipiga makelele kuliko wote.

Mama Hortense ni mtu mzima, mpana, anaongea polepole kama anayehesabu vidonge. Aliniuliza nalala namna gani. Nikamwambia nalala kama askari. Akauliza mara ya mwisho nilikasirika lini. Nikamwambia mimi sikasiriki. Papo hapo mtu wa mbuzi akakohoa nyuma ya pazia, kikohozi cha dharau kabisa, nikamwambia kama anataka kucheka aje acheke mbele yangu aone. Mama Hortense akaandika kitu kirefu kwenye daftari lake.

Kisha akasema karatasi atanipa nikihudhuria mara sita. Kuna kikundi, akaeleza, cha watu ambao moyo au mawazo yamewalemea. Wanakutana Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, saa kumi, katika depo, bohari ya parokia. Hawapewi sindano wala vidonge. Wanafanya mazoezi ya kupigana, halafu wanakaa chini wanaongea.

Mazoezi ya kupigana! Nilisimama nikamwonyesha ngumi mbili hapohapo, nikamwambia ashukuru Mungu, mwalimu amejileta mwenyewe. Akasema mwalimu yupo. Anaitwa Xavier.

Xavier! Yule mfupi wa Mahagi anayeuza samaki wa chumvi sokoni! Na hata si karate, ni judo. Judo! Watu wazima kushikana nguo kama wanaogombania shuka!

Mpango mpya: mara sita ni nyingi. Kufikia mara ya pili mimi ndiye nitakuwa mwalimu, na mwalimu hujiandikia karatasi mwenyewe.

Alhamisi, tarehe 7 Juni

Mgongo unauma. Shingo inauma. Heshima inauma zaidi.

Depo ya parokia haina kitu ila magunia yaliyojazwa maganda ya kahawa, na juu yake turubali. Watu tulikuwa saba. Muzee Louis ninamjua kwa sura, alikuwa dereva wa kamio. Miaka miwili iliyopita gari lake lilipinduka njia ya Fataki, abiria wawili wakafa, na tangu hapo akisikia motari inawaka mikono yake inatetemeka. Kuna na Mbambu, mama wa Kinande anayeuza vitenge. Mtoto wake alikufa kwa surua mwaka jana, mwezi wa kumi. Tangu siku ya mazishi hajasema neno. Sokoni anauza kwa vidole. Wengine sikuwauliza habari zao, nilikuwa na hasira.

Xavier alikuja amevaa kimono chenye kiraka cha gunia la sukari. Harufu ya samaki ilitangulia, yeye akafuata. Akasema somo la kwanza ni kuanguka. Eti mtu asiyejua kuanguka anaishi amejikaza, kuanzia vidole vya miguu mpaka mawazo. Nikasema karate haianguki, karate inaangusha wengine. Nikasimama pembeni. Alinitazama bila hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililoniudhi, akasema:

"Baba Brigitte, kama uko naogopa, unaweza kuanza ku magoti."

Mimi, kuogopa! Nikajitupa nyuma kwa nguvu zangu zote. Kidevu nikakisahau. Mikono nikaisahau. Nilitua kwa kisogo, paa la depo likazunguka mara mbili. Na hapo wote, hata Muzee Louis na mikono yake ya kutetemeka, wakapiga turubali kwa viganja. Pa! Pa! Pa! Xavier akaeleza kwamba ndiyo desturi yao, mwenzao akianguka wanampigia turubali, ni heshima. Heshima! Mimi nikichekwa najua.

Mbambu peke yake hakupiga. Alinitazama kama anayepima kitenge.

Jumamosi, tarehe 9 Juni

Siku mbaya. Naandika kwa mkono wa kushoto.

Mpango ulikuwa mzuri, naurudia hapa ili ijulikane haukuwa na kasoro. Nilichukua ubao mnene ghalani. Jana jioni niliukata kwa msumeno chini yake, nusu na robo, nikaziba kata kwa sabuni na vumbi. Nikauficha nyuma ya depo. Leo, mbele ya Mama Hortense, ningeupasua kwa ngumi moja. Yeye angeona nani ni mwalimu na nani ni muuza samaki.

Nilisahau kwamba leo ni Jumamosi. Salongo, kazi ya lazima ya mtaa! Asubuhi mtaa mzima ulitoka na majembe kusafisha mtaro, na mtu fulani (nikimjua nitamshtaki) akaokota ubao wangu, akaulaza juu ya mtaro ili watu wapite. Wa kwanza kupita alikuwa katekista wa parokia, ameshika kitabu kikubwa cha ubatizo. Yeye alitoka mtaroni mzima. Kitabu hakikutoka vizuri.

Ningekuwa mtu wa kurudi nyuma ningerudi nyuma. Lakini nilikuwa nimekwisha mwambia Mama Hortense aje aone. Nikachukua ubao mwingine. Huo haukuwa umekatwa. Nikapiga kelele ya karate, ile ya tumboni, nikapiga.

Ubao uko salama. Uko kwenye depo mpaka sasa.

Mama Hortense alinifunga bandeji palepale, polepole. Wakati anafunga akaniuliza, nilipopiga nilikuwa naona nani mbele yangu. Nikamwambia naona ubao. Akaniambia sawa. Hilo "sawa" lake limenikasirisha kuliko mkono. Xavier akanitolea kitambaa kibichi alichofungia samaki wake. Sasa nanuka kama yeye.

Jumanne, tarehe 12 Juni

Leo nimeangushwa na mwanamke. Na nimeponya bubu. Na hakuna aliyeniambia asante!

Niandike kwa mpangilio, maana hasira inanichanganya.

Baada ya mazoezi tulikaa kwenye magunia. Xavier alimwomba kila mtu aseme jambo moja linalomlemea. Muzee Louis akasema habari ya ile ajali. Mvua ilikuwa inanyesha, barabara imelainika, yeye alitaka kungoja. Abiria walikuwa na haraka ya soko. Akasema: "Bantu balikuwa nasema, endesha muzee, endesha. Nikaendesha."

Basi sijui kilichonipata. Damu ilinipanda mpaka machoni. Nikasimama nikamwambia kwamba madereva wote ni wezi wa siku za watu. Nikamwambia nilipokuwa natoka Kisangani kamio lilikwama matopeni siku tisa, na dereva wetu alikaa chini ya gari anacheza karata, kila nikimwomba aendeshe anasema ngoja, ngoja. Nilipofika nyumbani baba yangu alikuwa na siku nne kaburini. Siku nne! Nikamwambia Muzee Louis: nyinyi mkiambiwa muende hamwendi, mkiambiwa mngoje hamngoji, nyinyi ndio mnaowazika watu wetu.

Nilisema kwa sauti kubwa. Mikono ya Muzee ilianza kutetemeka, kisha mabega, kisha kidevu, akawa anaishika mikono kati ya magoti ili isionekane. Nilimwona. Lakini mtu akishaanza kupiga kelele si rahisi kusimama, nikaendelea.

Hapo Mbambu akainuka. Akanijia, akanishika nguo ya kifuani kwa mikono miwili, akaweka mguu wake nyuma ya wangu, nikaona paa.

"Nyamaza!" akasema.

Mbambu! Kwa mdomo wake! Sauti ilitoka imekwaruza. Halafu akamgeukia Louis akamwambia, "Muzee, pumua. Siye tuko." Halafu akakaa chini katikati ya turubali, akafunika uso kwa kitenge, akataja jina la mtoto wake. Hélène. Akalitaja mara tatu, mara nne. Wote wakamzunguka. Mama Hortense, aliyekuwa amesimama mlangoni, alipapasa gunia akalikalia bila kuangalia anapokaa. Xavier alikuwa analia waziwazi, mwanaume mzima.

Na mimi? Mimi nilikuwa bado nimelala chini. Hakuna hata mmoja aliyenipigia turubali! Na aibu kubwa kuliko zote: nilianguka vizuri. Kidevu kifuani, mkono umetangulia, pumzi imetoka. Mwili ulifanya bila kuniuliza.

Kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu, niongeze jambo moja. Ndani ya kabati lile kuna viatu. Vya kamba, vyeusi, namba arobaini na mbili. Nilimnunulia Baba Kisangani, kwa sababu alikuwa hajapata kuvaa viatu vya kamba maisha yake yote na alikuwa akiviongelea. Vilikaa nami matopeni siku tisa, ndani ya shati langu, visilowe. Siku ile Félicité alisema vinakaa bure, ampe kaka yake avae kwenye harusi. Alikuwa ananyoosha mkono kufungua. Ndipo nikapiga teke. Mlango ulianguka hatua moja kutoka alipokuwa ameketi Brigitte.

Lakini hilo halihusiani na hasira. Kabati lilitengenezwa vibaya, bawaba nyepesi. Seremala ndiye wa kulaumiwa.

Alhamisi, tarehe 14 Juni

Nimekwenda kwa Mama Hortense asubuhi na mapema, nikamweleza taratibu kwamba kwa kuwa Mbambu amesema kwa sababu yangu, basi mimi ni mganga, na mganga hahitaji kuhudhuria mara tatu zilizobaki. Nikamwomba karatasi mbili, moja ya kupona na moja ya uganga.

Akanijibu kwamba Mbambu amesema kwa sababu ya Mbambu.

Nilitoka nikichemka. Njiani nikamkuta Xavier anapanga samaki wake, akanisalimia kwa furaha, akasema mwanguko wangu wa Jumanne ulikuwa mzuri sana, angependa wengine wauone. Nilimwambia aangalie samaki wake wasioze.

Basi, wamenilazimisha. Mchana, wenzangu walipokwenda kula, nilichukua karatasi safi ya ghala nikaandika mwenyewe kwa mwandiko wa kike, kila raia na "sitwayeni" yake kama serikali inavyotaka:

"Mimi, sitwayeni Hortense, muuguzi, nashuhudia kwamba sitwayeni Anaclet amepona kabisa. Kichwa chake ni baridi kama maji ya mtungi. Hajapata kukasirika tangu kuzaliwa. Amefundisha bubu kusema. Mke wake arudishwe upesi, bila masharti, pamoja na ile sufuria kubwa."

Karatasi bila muhuri si karatasi. Mihuri ya dispensari sina. Nikachukua muhuri wa ghala uliokuwa karibu, nikaugonga kwa wepesi, kwa ncha tu, ili ionekane duara na wino, maneno yasisomeke. Kazi safi. Nikampa dereva wa kamio la ng'ombe, safari hii nimeifunga bahasha na kuilamba mara mbili.

Mazoezini sikwenda. Aliyepona hana haja.

Jumapili, tarehe 17 Juni

Wamekuja.

Sikutegemea waje wenyewe! Nilitegemea Félicité arudi kimya na sufuria. Lakini baba mkwe, baada ya kusoma karatasi, aliona ni lazima aje Bunia kumshukuru muuguzi kwa kinywa chake. Wakapanda kamio jana. Leo, watu wanatoka misa, mimi niko mlangoni mwa kanisa nasalimiana, namwona baba mkwe anavuka uwanja na kofia yake na fimbo yake, nyuma yake Félicité na Brigitte, na dume la mbuzi limefungwa kamba. Zawadi ya Mama Hortense. Kwa ajili ya kuniponya!

Nilijaribu kumwahi Mama Hortense nimwelekeze njia nyingine. Nilichelewa. Baba mkwe alikuwa ameshavua kofia, ameshatoa karatasi, anamshukuru kwa maneno marefu ya Boga. Mama Hortense aliomba miwani yake. Akasoma. Akaigeuza, akaisogeza mwangani, akautazama muhuri. Akasema polepole, na uwanja wote ukasikia:

"Hapa kunasema: kahawa, daraja la pili, imekauka vizuri."

Wepesi wangu wote! Ncha yangu yote!

Watu walicheka mpaka katekista akashika nguzo. Baba mkwe hakucheka. Alimtazama mbuzi, akanitazama mimi, kama anayechagua. Félicité naye hakupiga kelele. Ningependa apige. Aliniuliza tu:

"Ulienda mara ngapi?"

Nikasema tatu. Akauliza kati ya ngapi. Nikasema sita. Akasema atakaa hapa mjini kwa shangazi yake Gertrude mpaka tatu zilizobaki ziishe, na baada ya hapo atajua la kufanya. Baba mkwe akasema atakuja kuona kwa macho yake mwenyewe.

Nilimnyooshea Brigitte mkono. Hakunitazama usoni. Alikuwa anatazama miguu yangu.

Nimemkasirikia sana dereva wa kamio. Nani alimwambia aendeshe upesi hivyo?

Jumanne, tarehe 19 Juni

Kwetu mbele ya baba mkwe mtu haketi ovyo, hapigi miayo, hatafuni kwa sauti. Leo mimi nimeanguka mbele yake mara kumi na nne. Kumi na nne! Alikuwa ameketi kwenye gunia, fimbo kati ya magoti, Brigitte pembeni yake, na Félicité mlangoni amesimama.

Nilimwomba Xavier kwa siri aniache niangushe japo mara moja, kwa ajili ya jina langu. Akasema zamu yangu ya kuangusha itafika. Haikufika! Wote waliniangusha. Mbambu aliniangusha mara tano, na sasa anaongea, kila mara anasema "samahani" huku ananiangusha. Afadhali alipokuwa kimya.

Ya mwisho ilikuwa zamu ya Muzee Louis. Alinishika nguo na mikono yake ikawa inatetemeka, naisikia kifuani kwangu. Hakuwa na nguvu ya kuniangusha. Ningeweza kusimama pale mpaka kesho. Nikaona Félicité ananitazama. Sijui kwa nini, nikalegeza magoti, nikaenda chini mwenyewe, nikatua vizuri. Muzee alisimama pale juu yangu anashangaa mikono yake, kama ameipata kwa mtu mwingine.

Kisha nikasikia pa! pa! pa! Ndogondogo. Brigitte alikuwa amepiga magoti pembeni ya turubali, anapiga kwa viganja.

Wakati wa kuongea Xavier aliniuliza nina la kusema. Nikasema ninalo: turubali lina tundu. Nilikuwa na neno jingine kwa Muzee Louis lakini lilikataa kutoka. Nimekasirika nalo mpaka sasa.

Alhamisi, tarehe 21 Juni

Nimempa Muzee Louis vile viatu. Si kwa sababu ya chochote. Vilikuwa vinajaza kabati, na kandambili zake zinapiga kelele. Nilimwekea juu ya gunia lake, nikamwambia avivue kabla ya kupanda kwenye turubali, basi. Akavigeuza, akauliza vilikuwa vya nani. Nikamwambia vya mtu aliyekuwa akiningoja. Akavaa. Vimemkaa. Akafunga kamba polepole sana, na baada ya kumaliza akanishika mkono akaushikilia, na Xavier na uhodari wake wote wa kuuliza maswali safari hii alitazama pembeni.

Hasira ilikuja nisipoitegemea: nilipofika nyumbani nikatazama ndani ya kabati, nikaona nafasi tupu, nikakaa chini kwenye sakafu. Nimekaa muda mrefu. Sikupiga kitu. Pengine ni malaria.

Jumamosi, tarehe 23 Juni

Mara ya sita! Karatasi ninayo! Ya kweli, ya muhuri wa kweli!

Félicité ameisoma, baba mkwe ameisoma, wamesoma mara mbili. Baba mkwe amepanda kamio kurudi Boga. Ameniaga kwa mkono, ameunyoosha kutoka mbali. Félicité na Brigitte wamerudi nyumbani na vitu vyao vyote, na sufuria. Félicité amepika ugali na sombe ya majani ya muhogo, tumekula watatu, Brigitte amesinzia ameegemea paja langu, lile la mguu wa teke.

Ningekuwa na furaha kama nisingeisoma karatasi yenyewe. Imeandikwa: "Amehudhuria mara sita. Anajua kuanguka. Aendelee kuja."

Aendelee! Aendelee! Nani ameomba kuendelea? Fundi akimaliza nyumba unamwambia aendelee kujenga? Nilitaka kwenda kumgongea Mama Hortense mlango. Félicité akaniambia nimalize chakula kwanza. Nikamaliza. Lakini nimekasirika.

Jumapili, tarehe 24 Juni

Mambo yamegeuka! Haki imetendeka!

Baada ya misa Xavier amenifuata. Anakwenda Mahagi kuchukua samaki, hatarudi kabla ya wiki mbili. Amenipa ufunguo wa depo. Amesema nifungue mlango saa kumi, nitandike turubali, Mbambu ataongoza mazoezi ya kuanguka, na Muzee Louis ataongoza mazungumzo. Mimi nifungue na kufunga. Hivyo ndivyo alivyosema, lakini mimi si mtoto, naelewa lugha ya watu wenye aibu. Mtu hampi mwenzake ufunguo kama hajakubali kushindwa. Nimeteuliwa kuwa mkuu!

Nimefanya kazi mchana wote. Nimeandika bango kwa rangi nyekundu: KITUO KIKUU CHA KARATE NA UPOZAJI WA VICHWA, BUNIA. DIREKTA: METRE (MWALIMU) ANACLET. Kuanzia Jumanne hakuna kuanguka tena, watu wamechoka kuanguka. Hakuna kuketi na kuongea, wakati unapotea. Kutakuwa na ngumi, mateke na nidhamu. Wenye huzuni watapiga kelele za tumboni mpaka huzuni itoke. Mbambu atakuwa mwandikaji wa majina. Muzee Louis atasimama mlangoni. Nimeandika na barua kwa buro, yaani ofisi, ya michezo, kuwaarifu kwamba judo imefutwa hapa mtaani, na kwamba sitwayeni Xavier akirudi asipewe tena ruhusa ya kufundisha, kwa sababu ya harufu.

Félicité amesimama mlangoni akalisoma bango lote, mpaka mwisho. Ameniuliza kama Mama Hortense anajua. Nimemwambia atajua mambo yakishakuwa tayari. Ameniuliza kama Xavier anajua. Nimemwambia kwa sauti, tena sauti kubwa kidogo maana swali lenyewe lilikuwa la kuudhi, kwamba Xavier hana la kujua!

Hakubishana. Nimefurahi kuona amejifunza utulivu akiwa kwa baba yake. Ameniuliza tu kamio la Boga linaondoka saa ngapi kesho. Nimemwambia saa mbili asubuhi, na nikamshauri awahi, akitaka nafasi nzuri pale mbele karibu na dereva.

Nadhani anataka kumpelekea baba yake salamu.